Picha za ini la panya zina ukungu? Shughulikia pumzi kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) zina ukungu na vivimbe vya chini ya milimita 1 havionekani, ilhali mashine ina sumaku yenye nguvu ya Tesla 7. Usiguse vipimo vya mashine bado. Ini limegusana na kiwambo, msuli wa kupumulia, kwa hiyo kila pumzi inalisogeza, na sumaku kubwa haiondoi hilo.

Mlaze panya kwa gesi ya usingizi, isofluraini, asilimia 3 hadi 4, kisha shusha hadi 1–2 huku ukifuata pumzi zake, si namba ya kwenye kifaa. Lenga pumzi 50 hadi 60 kwa dakika. Zikishuka sana, kila pumzi inakuwa ya nguvu na ya ghafla na ini linaruka. Zikizidi 90, utulivu kati ya pumzi mbili hautoshi. Weka kimto cha hewa tumboni ili mashine ikusanye data pumzi ikishatoka tu. Joto la mwili libaki nyuzi 36 hadi 37, maana panya akipoa mwendo wa pumzi unabadilika katikati ya kazi.

Mnyime chakula saa chache kabla, maji mwachie. Chakula cha maabara kina manganizi, na utumbo unang'aa kwenye T1 (aina moja ya picha za MRI) hadi unaghasi ukingo wa ini.

Sasa ndipo uje kwenye vipimo. Kwa T2 (aina nyingine ya picha) yenye kuzima mng'ao wa mafuta, eneo la milimita 30 kwa matriksi ya 256, yaani nukta 256 kila upande, linakupa takriban milimita 0.12 kwa nukta. Unene wa kipande ndio unaowaponza wengi: kivimbe cha milimita 0.8 ndani ya kipande cha milimita 1 kinachanganyika na ini zima na kupotea. Shuka hadi milimita 0.5. Gharama yake ni nusu ya mawimbi yanayojenga picha, na kuirudisha kwa kurudia upigaji kunataka muda mara 4, kwa hiyo usijaribu kwenda chini zaidi bila sababu.

Kama vivimbe bado ni hafifu, tumia gadoksetati, dawa ya kung'arisha picha, 0.025 mmol (milimoli) kwa kilo ya uzito wa panya. Seli za ini zinaimeza, uvimbe mwingi hauimezi, kwa hiyo ini linang'aa na uvimbe unabaki mweusi. Dawa ya 0.25 mmol kwa mililita ichanganye sehemu 1 na salaini sehemu 19; panya wa gramu 25 anahitaji mikrolita 50. Hesabu pia ujazo wa mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa wa mkiani, la sivyo dozi nzima inaishia humo humo na utadhani dawa haifanyi kazi. Tahadhari: uvimbe uliokomaa vizuri unaweza kuimeza pia.

Kibofu cha nyongo na mishipa iliyokatwa kimshazari hudanganya sana kwenye T2. Kifuatilie kitu hicho kwenye vipande jirani: mshipa unaendelea, kivimbe kinaisha.