Waambie walichofanya

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona jibu lake ni refu, nami kuzungumza na simu huwa napoteza maneno. Afadhali nikuandikie.

Umesema umepewa zamu ya kuzungumza na wasichana wa kidato cha tatu hapo shuleni kwenu Nairobi, juu ya wanawake wa Kiislamu wa kuigwa. Ukamtaja Mwana Kupona, mwalimu mwenzako akacheka: huyo si ndiye aliyewafunza wanawake kuwapepea waume usingizini? Ukaniuliza, “Mama, nimtoe au nimwache? Na nikimtoa, nimtie nani mahali pake?”

Usimtoe. Mpeleke mzima mzima, pamoja na yale yanayokuudhi.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa. Mwenyewe anasema maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Alijua hatapona, na binti yake Mwana Hashima alikuwa bado kijana. Sasa soma pale mwanzo kabisa, kabla hajasema lolote la waume. Anamwita binti aje akae karibu, aje na wino na karatasi. Hapo ndipo uwasimamishe wasichana wako. Mwaliko huo hapewi mtoto asiyejua kuandika. Kisiwani Pate, mwaka 1858, mama mgonjwa anamtarajia binti yake ashike kalamu kama jambo la kawaida tu, na mbele anawaita wanawake wote wasome. Mwenzako amesikia habari ya kupepea, hii ya wino imempita.

Habari ya kupepea imo, sitakuficha. Imo na ya kutotoka bila ruhusa. Yamo na maneno juu ya watumwa ambayo mimi siyatetei, na wewe usiyatetee. Alikuwa bibi wa nyumba kubwa katika mji wenye watumwa, na anasema kama mtu wa nyumba hiyo. Lakini kuna mahali anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema, na aangalie sana kinachoingia na kinachotoka. Bibi yako alikuwa akifika hapo hucheka mpaka machozi. Mwanamke anayemwona mumewe kama mtoto asiyejua kusema, huku hesabu ya nyumba iko mkononi mwake, si mtu aliyekaa tu akingoja amri. Waachie wasichana wabishane hapo. Najua watabishana.

Sasa hiyo orodha uliyonitumia, ya wale unaofikiria kuwataja. Fatima al-Fihri wa Fez, Razia aliyetawala Delhi tangu 1236 hadi 1240, Malala, Tawakkol Karman wa Yemen. Wote wanastahiki. Ila ukiwapanga hivyo, jina na cheo, jina na tuzo, watoto wataandika daftarini na kusahau kabla ya kengele. Punguza majina. Chukua mmoja, useme siku fulani alifanya nini, na alikuwa anaogopa nini.

Anza na Ummu Salama, mke wa Mtume (SAW). Kila mtu husema “mama wa waumini” kisha hupita. Wewe simama Hudaybiyya, mwaka wa 6 wa Hijra. Waislamu wametoka Madina kwa ajili ya umra, yaani hija ndogo, wamevaa ihramu, nguo za ibada hiyo, na makubaliano na Makureshi, wakuu wa Makka, yanasema warudi bila kuingia mjini mwaka huo. Watu wamevunjika moyo. Mtume anawaamrisha wachinje na wanyoe. Hakuna anayesimama. Anarudia mara tatu, bado wamekaa. Anaingia kwa Ummu Salama akiwa na huzuni, anamweleza. Naye hamwambii “subiri” wala “wakemee”. Anamshauri atoke asiseme na mtu yeyote, achinje mnyama wake, amwite kinyozi wake amnyoe, basi. Mtume akafanya vivyo hivyo. Watu walipomwona wakainuka, wakachinja, wakawa wananyoana kwa pupa na majonzi mpaka ikakaribia waumizane. Imo katika Bukhari, mwalimu wenu wa dini ataithibitisha. Mimi napenda kwamba alilisoma lile kundi. Alijua hawa hawajaasi, wamekufa ganzi, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwamsha kwa maneno.

Kama muda upo, mtie Nana Asma’u wa Sokoto, huko Nigeria ya leo. Yeye na Mwana Kupona waliishi zama moja bila kujuana. Alizaliwa 1793 akafariki 1864. Alikuwa binti wa Shehu Usman dan Fodio, na alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Mashairi peke yake yasingenishangaza, sisi huku tumejaa mashairi. Kilichonishika ni utaratibu wake. Aliona wanawake wa vijijini hawawezi kuja mjini kusoma, akateua wanawake wakubwa kutoka vijiji vyao wenyewe, kila mmoja akaitwa jaji, akampa kofia pana ya ukili kuwa alama ya kazi yake. Jaji alisafiri na kundi lake kuja Sokoto, zaidi wakiwa wasichana wadogo na wanawake waliopita umri wa kuzaa, maana wenye watoto wa kunyonya hawasafiri kirahisi. Wakajifunza beti kwa moyo, wakarudi nazo, wakawafundisha waliobaki. Anayebanwa na nyumba anafuatwa na elimu hukohuko aliko. Kundi hilo la wanawake, lililoitwa ’Yan Taru, halikufa na Asma’u.

Wa karibu yetu, nakuomba usimwache Daktari Hawa Abdi wa Somalia. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote wa zama zetu, na huenda ni kwa sababu tunajua nini kimewafika majirani zetu hao. Alizaliwa Mogadishu 1947, mama yake akafa kwa shida ya uzazi yeye akiwa bado msichana. Akaenda kusomea udaktari Kyiv, enzi za Usovieti, akarudi kuwa daktari wa wanawake. Mwaka 1983 akafungua zahanati ya chumba kimoja kwenye ardhi ya ukoo wake, nje ya mji, upande wa Afgooye. Vita vilipoanza 1991 watu wakamkimbilia. Wakaja, wakaja, mpaka pale pakawa kambi ya makumi ya maelfu, na kile chumba kikawa hospitali.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuulizana kabila wala ukoo. Ya pili, mwanamume haruhusiwi kumpiga mkewe, na aliyepiga alifungiwa stoo. Nasema tena, stoo! Katikati ya nchi isiyokuwa na serikali, mama mmoja ana jela ya wapiga wake.

Mwezi wa Mei 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam wakaivamia hospitali. Vijana wenye bunduki wakamwambia mwanamke hapaswi kuongoza mahali kama pale, awakabidhi. Akakataa. Akawauliza wao wameifanyia nini jamii yao. Wakamzuia, wakaharibu vifaa, lakini wanawake wa kambini wakaandamana, na Wasomali wa nje wakapiga kelele. Wakalazimika kuondoka. Unadhani alishukuru Mungu akanyamaza? Alidai wamwombe radhi kwa maandishi, na wakaandika. Alifariki 2020. Binti zake wawili, Deqo na Amina, nao ni madaktari.

Kutoka Tanzania yuko Bibi Titi Mohamed, na hapa uwe mwangalifu, kwa sababu habari yake ina mwisho mchungu. Wanamsifu kwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na ni haki yake. Mwaka 1955, chama kilipotaka tawi la wanawake, yeye alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam mwenye elimu ndogo ya shule. Wanaume walikwenda kwanza kumwomba mumewe ruhusa (Mwana Kupona angefurahi). Akawafuata wanawake kwenye vikundi vyao vya ngoma, walikokuwa tayari na viongozi wao na michango yao, akawaingiza chamani kwa mikururo. Lakini waambie na yaliyofuata: 1969 akakamatwa, akashtakiwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Miaka mingi jina lake halikutajwa. Leo ni barabara kubwa mjini Dar. Wasichana wako watakuuliza kwa nini mtu aliyeijenga nchi alifungwa na nchi. Usikimbilie kuwajibu, waache waulize.

Umeniuliza pia kama wavulana watolewe nje siku hiyo. Waingie. Kisa cha Hudaybiyya kinawahusu sana wao, na hiyo stoo ya Daktari Hawa inawahusu zaidi.

Nakala yangu ya utenzi nitampa mama yako mdogo anayepanda basi Ijumaa. Ni ile yenye jalada lililochanika. Pembeni nimeandika kwa penseli maana ya maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, wasichana wa bara wasije wakakwama. Ukishamaliza nirudishie.

Mama yako