Mtoto anakuja na pesa ni kidogo: maswali yenu

Niko miezi sita, bwanangu ni wa mjengo, akiba hakuna. Tununue nini kwanza? (Kayole)

Dada yangu, kabla hujanunua hata soksi, angalia SHA, ile bima ya afya ya serikali. Ile Linda Mama tuliyozoea, ya kujifungua bure, iliisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, na kujiandikisha peke yake haitoshi, lazima mchango uwe umelipwa, na kwa mtu wa kibarua asiye na peislipu unalipwa wa mwaka mzima, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi yaani 3,600, wengine wanapangiwa zaidi. Ndio maana nakuambia uanze saa hii, piga *147# uone kama uko sawa, usingoje uchungu ukushike ndio uanze kutafuta pesa.

Ya pili ni usafiri. Uchungu hauangalii saa, na saa nane usiku matatu utangoja sana, kwa hivyo ongeeni mapema na jirani mwenye gari au mtu wa teksi mnayemjua na pesa yake ikae kando isiguswe hata unga ukiisha. Halafu uliza kliniki wanataka uje na nini, pamba, pedi, beseni, leso, kila hospitali ina orodha yake. Nguo zinafuata baada ya hayo yote.

Ni vibaya mtoto mchanga kuvaa mitumba?

Si vibaya hata kidogo. Enda Gikomba asubuhi bale zikifunguliwa, uchague kamera, zile safi kabisa, kabla ya wengine, au Toi kama uko upande wa Kibera. Fua, anika juani, piga pasi. Vile vinguo vidogo kabisa usinunue vingi, vitamkaa wiki chache tu, chukua vya miezi mitatu hadi sita umkunjie mikono. Kama anazaliwa kati ya Juni na Agosti pesa iende kwa blanketi na kofia, baridi ya Nairobi unaijua.

Daipa ama nepi za kitambaa?

Inategemea maji. Mtoto mchanga anaweza kubadilishwa hata mara kumi kwa siku, kwa hivyo daipa pekee zitakumaliza, lakini kama ploti yenu mnanunua maji kwa mtungi basi kufua pia ni gharama na watu husahau kuipigia hesabu. Mimi naona uchanganye, nepi mchana ukiwa nyumbani, daipa usiku na siku ya kliniki, na usinunue daipa za saizi ya kwanza katoni nzima.

Narudi kazi mtoto akiwa miezi mitatu. Ninunue maziwa ya kopo mapema?

Hapana mama, tafadhali. Maziwa yako pekee yanamtosha hadi miezi sita, hata maji hahitaji. Ukirudi kazi unakamua, yanakaa kama masaa manne nje ya friji na hadi siku nne ndani ya friji. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha, uliza bila kuogopa. Hiyo pesa ya kopo nunua ndengu, mayai, unga wa uji, ule wewe.

Mama mkwe anasema lazima kuwe na kitanda cha mtoto na kigari.

Mwambie kwa heshima vitangoja. Mtoto anahitaji godoro gumu kiasi, alazwe chali, bila mito, na neti. Wakitaka kuchangia, wachange pesa ya SHA.

Mimi ni baba mtarajiwa, nimeandikwa kazi. Nina likizo?

Wiki mbili na mshahara kamili, iko kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Ichukue kaka, upike na ufue nepi.

Shosho anataka tupake kitovu majivu.

Msipake, wala mate wala mafuta. Kliniki wanapeana jeli ya klorheksidini, mkikosa kiacheni kikavu na kisafi, nepi ifungwe chini yake. Kikiwa chekundu, kikinuka, au mtoto akichemka mwili, hospitali siku hiyo hiyo.