Jibu: Mbunge akiuliza bungeni, inasaidia kweli?

Ndugu yangu, umeuliza kama mbunge kusimama Dodoma na kuulizia kivuko chenu, yaani kidaraja cha kuvukia maji, kunasaidia chochote. Kunasaidia, ila msiishie kupiga makofi. Jibu la naibu waziri linaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge; lipakueni kwenye tovuti ya Bunge, lichapisheni, nendeni nalo kwa diwani. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo mbaneni na huku.

Kwetu Kibosho, masika akina mama walikuwa wanavuka na mikungu ya ndizi kichwani, viatu mkononi, maji magotini. Iliniuma sana.

Ila kwanza ulizieni barabara yenye kivuko hicho ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa). Mkikosea hapo mtazungushwa mwaka mzima.