Wasomaji Wauliza Sheria: Ndoa ya jinsia moja, bomani na mahakamani

Mwezi huu barua nne, mbili za Kigoma na mbili za Tabora, zimegusa jambo moja. Tunajibu sheria ilivyo. Ya imani tunawaachia mashehe na mapadri.

Shikamooni. Kwenye baraza letu la kahawa hapa Ujiji tumebishana mpaka kashata zikaisha. Mmoja anasema Tanzania inakataza tendo tu, ndoa ya jinsia moja haijakatazwa popote. Mwingine anasema hayo ni mamoja. Nani mkweli?
*Msomaji, Ujiji*

Marahaba. Kila mmoja ana nusu. Tendo limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Ndoa imo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, kinachoieleza kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kifungu hicho hakina neno "marufuku", wala hakikulihitaji. Watu wawili wa jinsia moja wakipeleka bomani taarifa ya siku 21 ya kusudio la kuoana, msajili hana kifungu cha kuwafungishia.

Hayo si mamoja, na hapo ndipo mabaraza mengi yanapokwama. Mahakama ya Juu ya India iliondoa adhabu ya tendo Septemba 2018. Oktoba 2023 mahakama hiyohiyo ikakataa kuwaozesha, ikasema hiyo ni kazi ya Bunge. Afrika Kusini kosa la jinai lilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1998, ndoa ikaja Novemba 2006. Kwa hiyo mtu akianza hoja, muulizeni kwanza anasemea mlango upi: wa gerezani au wa msajili.

Je, majirani zetu wa Burundi na Kongo wakoje? Na Mtanzania akioa huko Afrika Kusini akarudi na cheti?
*Msomaji, Kasulu*

Burundi imeikataza ndoa hiyo ndani ya Katiba. Katiba ya Kongo, ibara ya 40, inampa mtu haki ya kuoana na amtakaye, wa jinsia tofauti. Kenya nayo ni hivyohivyo, ibara ya 45. Uganda iliongeza katazo kwenye Katiba mwaka 2005. Katiba yetu haisemi lolote juu ya jinsia ya wanaooana. Yote yamo kwenye Sheria ya Ndoa, tena ya Bara peke yake. Si tofauti ndogo hiyo: sheria ya kawaida Bunge huibadili kwa wingi wa kawaida wa kura, Katiba inataka theluthi mbili.

Kuhusu cheti, ndoa ya nje hutambuliwa hapa ikiwa ilifuata sheria ya kule ilikofungwa, lakini mmojawapo akiwa Mtanzania, wote wawili lazima wawe na sifa za kuoana kwa sheria yetu pia. Cheti hicho kikishuka Kigoma hakimfanyi mwenzake kuwa mjane kwenye mirathi.

Hao wa Marekani na Ulaya wanadai nini hasa? Si wangeishi tu pamoja, nani anawazuia?
*Msomaji, Ng'ambo, Tabora*

Tazama cheti cha kifo. John Arthur wa jimbo la Ohio alikuwa na ugonjwa unaolegeza misuli mpaka pumzi inakata. Ohio haikuruhusu ndoa hiyo, hivyo Julai 2013 yeye na James Obergefell walikodi ndege yenye vifaa vya tiba hadi Maryland, wakafungishwa humohumo ndani ya ndege ikiwa chini uwanjani, wakageuza kurudi. Arthur alifariki Oktoba mwaka huo. Ugomvi wao na Ohio ulikuwa juu ya visanduku viwili vya fomu: hali ya ndoa, na jina la mwenzi aliyebaki. Ohio ilitaka kuandika hana ndoa. Kesi hiyo, ikiunganishwa na nyingine, ndiyo iliyofungua ndoa hiyo Marekani nzima tarehe 26 Juni 2015, kwa majaji 5 dhidi ya 4.

Kabla yake, mwaka 2013, Edith Windsor alishinda kesi ya kodi. Mwenzake alipofariki, serikali ya Marekani ilimtoza dola 363,053 za kodi ya urithi ambazo mke wa mwanamume asingelipa. Ndoa ni funguo nyingi kwenye pete moja: urithi, pensheni, kibali cha ukaazi, nani anamsemea mgonjwa asiyejitambua.

Wapinzani nao hawana hoja moja. Wapo wanaosema ndoa iliwekwa kwa ajili ya mtoto kuwa na baba na mama, ukibadili maana umebadili kitu chenyewe. Jaji Mkuu wa Marekani, Roberts, aliyekuwa upande wa wale majaji 4 waliopinga, alishika jambo jingine: uamuzi huo ni wa wananchi na wabunge wao, si wa majaji watano. Ireland walipita njia hiyo, Mei 2015 wakapiga kura ya maoni, asilimia 62 wakakubali.

Uingereza ilijaribu katikati. Kwa sheria ya 2004 iliwapa wapenzi wa jinsia moja karibu haki zote za wanandoa, ila jina la ndoa ikalizuia. Haikutosha. Ndoa zenyewe zilianza England na Wales Machi 2014, na sheria iliyozianzisha ikalizuia Kanisa la Anglikana kuzifungisha. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini: wanaodai na wanaokataa wote wanalipigania neno, na neno halina fungu la nusu kwa nusu.

Mke wangu ni Mkurya wa Tarime. Shangazi yake, mjane asiye na mtoto wa kiume, alimtolea binti mmoja ng'ombe, wakahamia huku kulima tumbaku. Binti ana watoto wawili. Jirani anasema hiyo ndiyo ndoa ya jinsia moja. Ni kweli? Na shamba likoje?
*Msomaji, Urambo*

Jirani amechanganya. Hiyo ni nyumba ntobhu. Anayetoa mahari anatafuta jina la nyumba na mrithi; binti huzaa na mwanamume, watoto wakahesabiwa wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Si mapenzi baina yao.

Lakini mbele ya kifungu cha 9 hawana ndoa, hata dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, ya walioishi pamoja miaka miwili, ni ya mwanamume na mwanamke. Kinachoharibika ni siku ya msiba: ndugu wanafika, binti anaitwa mfanyakazi wa shamba, na hana karatasi ya kuwajibu.

Kwa hiyo waanze sasa. Hati ya kimila ya shamba iwe na majina mawili, kila mmoja na fungu lake limetajwa. Shangazi aandike wosia, kwa wino, wenye tarehe. Chini ya sheria za mila, kama anajua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wanne, wawili kwa wawili, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Wosia mwingi huangukia hapa, mashahidi wote wanakuwa majirani. Shahidi wa ukoo atoke Tarime, hata kama nauli inauma. Binti mwenyewe asiwe shahidi wa wosia unaompa mali.

Watoto wachukuliwe vyeti vya kuzaliwa kwa jina la mama aliyewazaa. Shangazi hawezi kuandikwa kwenye nafasi ya baba, hivyo awataje watoto hao ndani ya wosia kwa majina kamili, kama yalivyo kwenye vyeti. Na kwenye daftari la chama cha msingi cha tumbaku, aulize jina la mrithi wa malipo yake limeandikwa la nani.