Maswali na majibu: Mucha, mabango na jina la "mpambaji"

Swali: Alphonse Mucha, mchoraji wa mabango, alizaliwa mji gani wa Ufaransa?

Jibu: Hakuzaliwa Ufaransa. Alizaliwa Ivančice, Moravia (leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki), mwaka 1860, na kwao aliitwa Alfons. Swali hili limeshajibiwa hapa zaidi ya mara moja; tafadhali someni zaidi ya saini iliyo kwenye bango.

Swali: Ni kweli kwamba alipata umaarufu ghafla?

Jibu: Ni kweli nusu, na nusu hiyo inapendwa kwa sababu inaficha jasho. Mwishoni mwa 1894 mwigizaji Sarah Bernhardt alihitaji kwa haraka bango la mchezo wa Gismonda, na Mucha ndiye aliyepatikana katika kiwanda cha uchapaji cha Lemercier. Januari 1895 bango hilo, jembamba na lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, likabandikwa katika mitaa ya Paris, na Bernhardt akampa mkataba wa miaka kadhaa. Lakini wakati huo Mucha alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amekwisha kukataliwa na Chuo cha Sanaa cha Prague, amekwisha kupoteza kazi ya kuchora mandhari za majukwaa huko Vienna baada ya ukumbi wa maonyesho wa Ringtheater kuteketea mwaka 1881, na tangu mfadhili wake alipoacha kumtumia fedha alijipatia riziki kwa kuchora picha za vitabu na magazeti. Wanaoniandikia wakitaka siri ya kung'aa upesi waanze kwa kuihesabu miaka hiyo.

Swali: Aliuawa na Wanazi?

Jibu: Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimhoji mwaka 1939 baada ya Wajerumani kuiteka Prague, naye akafariki Julai mwaka huohuo kwa homa ya mapafu. Msiongeze chumvi.

Swali: Nimenunua bango lake "halisi" la karatasi za sigara za Job kwa bei ndogo sana. Je, nimebahatika?

Jibu: Hapana. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona nukta ndogo zilizojipanga sawasawa, hiyo ni nakala ya mashine za kisasa, kwa kuwa uchapaji wa jiwe, uliotumika kwa mabango yake, huacha chembe zisizo na mpangilio. Kutokuwepo kwa nukta pekee, hata hivyo, hakuthibitishi uhalisi. Kuchapa nakala si kosa katika nchi nyingi, maana hakimiliki yake imekwisha; kosa ni lile neno "halisi".

Swali: Kwa nini wataalamu humwita msanii wa mapambo na si mchoraji?

Jibu: Kwa sababu wengi wao huona kwamba kazi iliyotumika kuuzia biskuti au tikiti haiwezi kuhesabiwa sanaa, dharau ambayo sijawahi kuikubali. La kusikitisha ni kwamba Mucha mwenyewe aliimeza. Kwa fedha za Mmarekani Charles Crane alitumia takriban miaka 18 kuchora turubai 20 za historia ya Waslavu, jamii pana walimo Wacheki wenzake, kubwa zaidi zikifika mita sita kwa nane, akazikabidhi kwa jiji la Prague mwaka 1928, na wahakiki wengi wakaziona zimepitwa na wakati. Mimi naziheshimu turubai hizo, lakini mkono wake nauona huru zaidi katika nywele za wale wanawake wa mabango, na katika stempu ya kasri la Prague aliyoichorea Chekoslovakia changa mwaka 1918, ambayo kila mwenye barua aliilamba na kuibandika bila kuuliza kama ni sanaa au pambo.