Mgonjwa wa tiba shufaa amenyamaza: ni sonona au uchovu wa ugonjwa?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa mwenye ugonjwa mzito usiotarajiwa kupona. Ninamhudumia mzee mwenye saratani ya kongosho iliyosambaa. Mofini imetuliza maumivu, lakini wiki ya tatu sasa hali chakula, halali usingizi, amegeukia ukutani. Ndugu wanasema anayejua anakufa lazima asikitike. Je, nimwache? Na dawa za sonona zitamfaa kama amebakiza muda mfupi?

JIBU: Usimwache. Ndugu wako sahihi kuhusu huzuni, ila huyu anaweza kuwa na zaidi ya huzuni.

Kutokula, kukonda na kukosa usingizi havitusaidii sana hapa, kwa sababu saratani yenyewe huvileta. Tafuta mengine: anajiona hana thamani, anajilaumu, hakuna kinachomfurahisha. Majonzi ya kawaida huja na kupungua. Mjukuu akiingia, uso unakunjuka. Mwenye sonona mjukuu akiingia anafumba macho.

Kabla hujaiita sonona, mwombe ataje miezi kuanzia Desemba akirudi nyuma. Akikwama Oktoba, akasinzia, na jana alikuwa mzima wa akili, huyo huenda amechanganyikiwa kwa sababu ya mwili: maambukizi, kalsiamu kupanda kwenye damu, mkojo kuziba, au mofini kurundikana kwa sababu figo zimechoka. Hali hii ya kimya hudhaniwa sonona mara nyingi mno, na amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, huizidisha.

Akitaja vizuri, kaa kitini, usisimame, umuulize: “Wiki hizi mbili, siku nyingi umekuwa na huzuni?” Kisha: “Umewahi kufikiria kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikwambia ameshapanga namna, asiachwe peke yake, chupa ya mofini ishikwe na mtu mwingine, na daktari ajue leo hii.

Sasa dawa. Kinachoamua ni muda uliobaki. Kama ni miezi, setralini inafaa, miligramu 25 kisha 50, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na mwanzoni huleta kichefuchefu. Kwa mzee wako asiyelala wala kula, mimi ningezungumza na daktari kuhusu mitazapini usiku, miligramu 7.5 hadi 15: usingizi huanza kurudi mapema, na hamu ya chakula mara nyingi hufuata. Amitriptilini wengi huikimbilia kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini. Miligramu 10 au 25 hutuliza maumivu ya neva, lakini kwa sonona ni ndogo, na inafunga choo ambacho mofini tayari imekifunga. Kama anatumia pia tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, mwambie daktari kabla ya kuongeza dawa yoyote kati ya hizi.

Zikibaki wiki chache tu, madaktari wengine hujaribu methilfenideti, dawa ya kuchangamsha, miligramu 2.5 hadi 5 asubuhi na mchana. Ikifanya kazi, utaona ndani ya siku chache. Ushahidi wake si mzito, na haimfai mwenye moyo unaokwenda mbio au aliyechanganyikiwa.

Dawa isiende peke yake. Harvey Chochinov, daktari wa magonjwa ya akili wa Kanada, alibuni tiba ya utu: mgonjwa anasimulia anachotaka akumbukwe nacho, maneno yanaandikwa, anasomewa asahihishe, kisha familia inabaki nayo. Hata bila mtaalamu unaweza kumuuliza mzee kazi gani aliifanya kwa fahari, ukaandika anavyosema. Asipojibu leo, muulize tena kesho wakati wa kumgeuza.