Jibu kwa anayesema tafiti za vyuo vya nje hazituhusu

Ndugu yangu zinatuhusu sana tu, mfano chanjo ya malaria ya R21 imetoka Chuo Kikuu cha Oxford lakini majaribio makubwa yamefanyika Afrika na hapahapa Bagamoyo pia, kupitia watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, watoto wetu wenyewe ndo walichanjwa. Jumla watoto 4,800 nchi nne, yani Tanzania, Kenya, Mali na Burkina Faso. Sehemu kama kwetu malaria ipo mwaka mzima, ikapunguza kesi kwa asilimia 68 hivi ndani ya mwaka, na WHO wakaipitisha Oktoba 2023. Ila dozi ni tatu halafu nyongeza baada ya mwaka, so mzazi usiishie njiani, na neti usitoe kabisa maana chanjo haizuii malaria yote.